Gari la Viti Viwili

Tusa mwanangu,

Habari za blanketi amekwisha kukueleza mama yako. Kuhusu baridi ya Uyole, huko Mbeya unakokwenda kesho, shangazi yako amepiga simu mara tatu, utadhani unahamia kwenye barafu. Mchungaji naye jana alikuombea mpaka wali ukapoa. Kwa hiyo mimi sina la kukuagiza, na hata ningekuwa nalo, sina uso wa kumwagiza mtu.

Nakuandikia nikiwa hapa mashineni, jua bado halijazama. Nimezima injini mapema, na wateja wawili wa Mwaya wameondoka na mpunga wao wakinung'unika. Wana haki. Nimegeuza debe nimelikalia, daftari liko magotini. Kona ile ya ndani, chini ya turubai, liko lile gari. Halijatoka pale tangu siku lilipovutwa na trekta. Kuku wa jirani wamepata mahali pa kutagia juu ya boneti, nami siwafukuzi.

Nianze na jambo la jana mchana, maana ndilo lililonikalisha hapa. Mama yako alikuwa kibarazani, kile chungu chake cha mdomo mpana kiko katikati ya miguu, anakijaza mchele kwa mkono wa kushoto, konzi kwa konzi. Ukamwuliza kama ni cha shangazi. Akatikisa kichwa. Akasema kwa ulimi wake ule mzito, "Cha fundi. Lusajo. Yuko Uyole, umpelekee."

Ulisimama na nguo mkononi. Ukasema, "Mama, nimpelekee mchele mtu aliyekuua mkono? Nikimkuta huko nitamsema mbele ya wateja wake, kama nilivyomsema hapa."

Mama yako aliniangalia mimi. Nami, mwanaume mzima mwenye mvi, nikauliza kama chai imebaki kwenye chupa.

Sasa nisikilize. Lusajo hakumuua mama yako mkono. Nakuandikia hilo hapa juu ili usihangaike kulitafuta mwishoni. Lusajo hakukosea kitu chochote kwenye lile gari, wala gari lenyewe halikukosea sana. Niliyekosea ni mimi, na nimekuacha mwaka mzima na nusu umchukie mtu asiyehusika kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu.

Unaikumbuka pikapu yetu ya bluu. Ulijifunzia kuhesabu magunia nyuma yake. Ilibeba mpunga wa kata nzima, ikabeba ndizi, kakao, maharusi, majeneza. Usiku na mchana watu waligonga, "Baba Tusa, mgonjwa wetu," na mimi nikavaa kandambili nikaenda. Watu walinishukuru, "Ndaga fijo, baba Tusa, ndaga fijo," na mimi nikawa naitikia huku moyoni nimechoka. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilichoka kubeba. Ukifika umri wangu utajua kwamba mtu anaweza kuchoshwa na wema wake mwenyewe, na akichoka hatafuti kupumzika, anatafuta kujionyesha.

Ndipo nilipoanza kwenda Jumamosi kule mtoni wanakooshea magari. Tulikuwa watu saba hivi. Wenye magari walikuwa wanne, waliobaki walikuwa na maoni. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Ambakisye, aliyestaafu, mwenye lile gari refu la kifamilia ambalo analipangusa kama mtoto mchanga. Mwingine ni yule mfanyabiashara wa mpakani tunayemwita Kasumulu, mwenye gari kubwa la kupandia milima ingawa Kyela mlima wake ni tuta la barabara. Tulikuwa na kundi la simu pia, na huko ndiko nilikoliona mara ya kwanza. Kasumulu aliweka picha. Gari dogo jekundu la Kijapani, milango miwili, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka. La spoti, tena haibridi, injini ya petroli na betri kubwa vikisaidiana.

Wiki tatu hatukuzungumza kingine. Mwalimu alisema gari lile ni la uongo. "Si la mbio, wala si la kubana mafuta. Ni sawa na mtu aliyeacha pombe isipokuwa Jumamosi." Kasumulu akamjibu, "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Hili lina gia za mkono pamoja na betri, na hayatengenezwi tena. Kitu kisichotengenezwa tena kinapanda bei." Mwingine akasema bodaboda yenye abiria wawili inalipita kwenye mwinuko. Mwingine akasema, umbo lile, nani anahitaji mbio, likiwa limesimama tu limeshakimbia. Mimi nilikuwa nasikiliza, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, na kila usemi ulinisukuma upande uleule. Waliolisifu walinitia hamu. Waliolikandia walinitia hamu zaidi, kwa sababu nilitaka nije niwaonyeshe.

Unajua mwisho wake. Pikapu iliondoka, jekundu likaja.

Nitakuambia kweli, Tusa, hata leo nikiwa na uchungu huu sitalitukana. Lilikuwa zuri. Ukikaa ndani unakaa chini, karibu na lami, na barabara inakujia usoni. Kulikuwa na kitufe, ukikibonyeza taa ya dashibodi inageuka kutoka kijani hadi nyekundu, na gari linashtuka kidogo kama limeitwa jina. Nilikuwa naendesha kutoka Kikusya mpaka Matema bila gunia, bila mgonjwa, bila kuku, bila mtu wa kuniambia "nishushe hapo mbele." Maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha vitu vya kubebea shida za watu. Nilitaka kitu kimoja tu kisichobeba chochote. Nadhani ndiyo thamani pekee niliyoiona, mengine yote niliyoyasema kule mtoni kuhusu bei ya baadaye nilikuwa nakariri maneno ya Kasumulu.

Siku nilipolileta nyumbani nilimwita mama yako alione. Alilizunguka polepole. Akafungua nyuma, akaingiza mkono wake wa kulia mpaka kwenye kiwiko, kama anavyoingiza kwenye chungu kibichi kupima unene wa ukuta. Akaniuliza, "Linajaa nini?"

Unajua kwa nini aliuliza hivyo. Kwao Ikombe, bibi zake waliuza chungu kwa kukijaza. Wewe mwenye mpunga unakijaza mpaka mdomoni, mpunga unabaki kwa mfinyanzi na chungu unaondoka nacho. Bei ya chungu ilikuwa tumbo lake. Hakukuwa na maoni hapo. Chungu cha mapambo kisichoingiza kitu kilibaki kwa aliyekifinyanga.

Nikamjibu, "Linajaa mimi na wewe." Akasema, "Na tukipata mgonjwa?" Nikacheka. Jumamosi iliyofuata nikaenda kuyahadithia kule mtoni, mke wangu wa Kikisi anapima gari la spoti kwa vibaba, na wote wakacheka mpaka Mwalimu akavua miwani. Nilimfanya mama yako kichekesho cha wanaume wasioweza kufinyanga hata kijiko. Hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Sasa kuhusu Lusajo.

Mafuriko ya mwaka ule unayakumbuka, maji yaliingia mpaka chini ya kitanda chako. Nyumba yetu iko chini, mashine iko juu ya msingi. Gari lile lina tumbo la chini kuliko bata, kwa hiyo nikaamua litalala mashineni. Ilikuwa akili, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba mashineni ndiko watu wanakokuja, na nilitaka kila anayeleta mpunga alione. Na kwa kuwa humu ndani kuna joto, niliacha vioo wazi ili viti visivunde.

Lusajo alikuja kubadilisha mkanda wa mashine. Alipoliona pale akakuna kichwa. Akasema, "Mzee, shikamoo tena. Naomba usililaze humu."

"Kwa nini?"

"Betri kubwa iko nyuma ya viti. Ina feni yake, inavuta hewa ya mle ndani ili ipoe. Humu hewa ni pumba tupu. Feni itaziba, betri itachemka, itakufa."

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ovaroli moja, hana hata kundi la simu. Nikamwuliza ameyatoa wapi hayo. Akasema aliwahi kufungua moja Tunduma. Nikamwambia mimi nakaa na watu wanaoyafahamu magari haya, hakuna hata mmoja aliyetaja pumba. Naye akasema kwa adabu, "Wao hawana mashine ya kukoboa, mzee."

Hilo neno lilinichoma kwa sababu lilikuwa sahihi. Watu wote duniani waliotoa maoni juu ya gari lile, wa Japani na wa Ulaya na wa mtoni kwetu, hakuna aliyewahi kulilaza kwenye pumba za mpunga. Kosa hilo lilikuwa linaningoja mimi. Mtu pekee aliyelijua ni yule aliyekuwa amesimama mbele yangu na mkanda begani, nami nikamwambia amalize kazi aliyoitiwa. Wazee tumejitungia methali ya asiyesikia la mkuu. Ya asiyesikia la mdogo hatukuitunga, na tunajua kwa nini.

Miezi mitatu baadaye nilianza kusikia feni ikipiga kelele. Nikamwita kwa siri, sikutaka watu wa kundi wajue. Aliifungua. Akatoa pumba na vumbi lake, zikajaa kofia yangu. Akaisafisha, akaifunga, akaniambia, "Feni imepona, lakini betri imeshaumia. Niruhusu niifungue niikague, na kwa sasa usiende nalo mbali." Nikakataa. Kwenye kundi walikuwa wamekubaliana kwamba fundi wa Kyela haruhusiwi kugusa betri ya haibridi. Nilimpa ahsante yake akaondoka. Hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya Lusajo kwenye gari lile, kusafisha feni na kunionya mara mbili.

Wiki moja baada ya hapo ilikuwa ile Jumamosi.

Mama yako alikuwa Ikombe kwa dada yake, amekaa huko wiki mbili wakifinyanga, na siku ile walikuwa wavuke ziwa kuleta vyungu sokoni Lyulilo, pale Matema. Mimi nilikuwa Matema hapohapo, upande wa pili wa kijiji. Wapenda magari wa Mbeya walikuwa wameshuka kutembelea wenzao wa Kyela. Magari kama kumi yamepangwa mstari, muziki, samaki wa kuchoma, watu wanapiga picha. Asubuhi nilipowasha gari taa ya betri ilikuwa imewaka kwenye dashibodi. Niliiona vizuri. Nilichofanya ni kuchukua kitambaa changu cha jasho nikakitundika mbele ya dashibodi kwa namna ya kwamba mtu akichungulia asiione.

Saa nne hivi dada yake, mama yako mdogo, akapiga simu. Dada ameanguka akipakia vyungu, mkono haushiki, mdomo umeenda upande, wanamleta kwa mtumbwi. Tafuta gari zuri la kumlaza.

Gari zuri la kumlaza. Nilikuwa nimezungukwa na magari kumi.

Nitakuandikia yaliyofuata kama yalivyokuwa, usiyasome haraka. Nilikwenda ufukweni, na Mwalimu Ambakisye akanifuata. Pamoja na maoni yake yote, yule mzee alikuwa ameshatoa mizigo yake kwenye gari lake refu na kulaza viti. Mtumbwi ulipofika, mama yako amelala katikati ya vyungu, dada yake amemshika kichwa, Mwalimu alisema, "Baba Tusa, tumweke kwangu. Atalala, na dada yake atamshika." Hata Kasumulu akasema lake liko tayari.

Lakini saa moja kabla ya hapo, Tusa, tulikuwa tumebishana. Mgeni mmoja wa Mbeya alikuwa amesema mbele ya wote kwamba gari langu ni kipodozi, kwamba mwenye akili angebaki na pikapu. Watu walicheka. Kicheko kile kilikuwa bado kiko masikioni mwangu. Nikaona nikimpandisha mke wangu kwenye gari la Mwalimu, mbele ya yule mgeni, nitakuwa nimekiri.

Nikasema, "Langu litafika kwanza."

Maneno matatu. Nimeyasema tena na tena hapa mashineni injini ikinguruma, ili mtu asinisikie.

Tulimkalisha. Hakuweza kukaa, akawa anainamia mlango. Dada yake alikosa nafasi, akabaki mchangani na khanga yake mkononi. Mwalimu alisema, "Basi nikufuate nyuma." Nikamwambia hana haja, hataniweza. Nikabonyeza kile kitufe na taa ikawa nyekundu. Mama yako aliniangalia kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka vizuri.

Tulipita Ipinda. Katikati ya majaruba ya mpunga usukani ukawa mzito, taa zote zikawaka, gari likazima. Betri kubwa ilikuwa imekufa, ikaacha kuilisha ile ndogo, hayo Lusajo alinieleza baadaye kwa simu, leo hii. Nilijaribu kuliwasha mara ngapi sijui. Hakuna nyumba karibu. Simu ya Mwalimu haikupatikana, naye aliamini maneno yangu kwamba sihitaji msaada. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini. Nilimtoa mama yako nikamlaza kwenye kivuli cha gari, na kivuli cha gari lile, kwa ufupi wake, hakikumtosha. Miguu ilibaki juani.

Bajaji ya mchuuzi wa dagaa ndiyo iliyotuokoa, ikatufikisha hospitali. Daktari alipomaliza kumwona aliuliza tu, "Kwa nini mmechelewa?"

Hapo ndipo nilipolitaja jina la Lusajo. Wewe ulikuwa umeshafika, umesimama mlangoni unalia, shangazi yako yuko kando, na wote mnaniangalia mnangoja jibu. Nikasema, "Fundi alichezea betri wiki iliyopita." Lilitoka lenyewe. Na mkaliamini, kwa kuwa ni kweli aliigusa wiki iliyopita, na kwa kuwa uongo uliojengwa juu ya kipande cha kweli hauanguki upesi. Siku ya tatu likawa kwenye kundi. Siku ya kumi Kyela yote ilijua kwamba Lusajo amemuua mke wa mtu nusu mwili.

Ulipokwenda kwenye gereji yake nilikufuata nyuma. Ulisema nilikuja kukuzuia. Nilikuja kuhakikisha hajibu. Ulimwita muuaji mbele ya wateja wake, ukamwagia maneno ambayo sikujua unayo. Alikuwa na spana mkononi. Akanitazama mimi juu ya bega lako, muda mrefu, akingoja. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni majonzi. Akaiweka spana chini akakuambia, "Pole, dada." Basi. Baada ya Krismasi akafunga gereji akapanda Mbeya. Umri wake ulimfanya asimwumbue mzee hadharani, na mimi niliitumia heshima yake hiyo kama mwizi anavyotumia mlango ulioachwa wazi.

Mama yako anajua yote. Alikuwepo ufukweni, alikuwepo kwenye majaruba. Ulimi ulipoanza kumrudia nilikuwa naogopa kila asubuhi. Siku moja, nikimlisha uji, akanishika kiganja kwa ule mkono mzima. Akasema, "Mimi sisemi. Utasema wewe." Hakulirudia tena. Mwaka na nusu nimekaa na mwanamke anayenisubiri. Najua humwoni hivyo, unamwona mgonjwa aliyenyamaza, lakini mimi nikikaa naye kibarazani najisikia kama mtu aliyeitwa mbele ya wazee na kesi yake haijaanza.

Mkono wake wa kulia unaujua. Umemwona anavyoukalia udongo anaoletewa na dada yake, anausukuma kwa kushoto, ukuta unapinda, anauponda, anaanza tena. Kile chungu anachokijaza mchele ni cha mwisho katika vile vilivyokuwa kwenye mtumbwi siku ile. Vingine tulivipikia, vikavunjika. Hiki alikificha chini ya kitanda na sikujua anamtunzia nani mpaka jana.

Na sasa utacheka, au utatema mate, vyovyote. Wiki hii Mwalimu ameweka ujumbe kwenye kundi. Kumbe Kasumulu alisema kweli. Magari yale yameanza kutafutwa. Watu wa nje wanayaita ya kipekee, ya mwisho ya aina yake, yanafaa kuwekwa. Kila mtu sasa anasema alijua tangu mwanzo. Yule mgeni wa Mbeya aliyeliita kipodozi amenipigia mwenyewe kuuliza kama nitaliuza hivyohivyo lilivyo, na betri mfu. Sikumjibu. Nikafunua turubai nikaliangalia gari, kuku wakapiga kelele, nikaona bado ni zuri, nikachukia macho yangu.

Leo asubuhi niliandika kwenye kundi. Niliandika kwamba Lusajo alinionya mara mbili, kwamba nilificha taa kwa kitambaa, kwamba nilikataa gari la Mwalimu mbele yao wote na wao wanajua, na kwamba maneno niliyoyasema hospitalini yalikuwa uongo. Kisha Mwalimu akaandika, "Pole sana, ndugu." Kisha mwingine akauliza kama basi gari bado linauzwa. Hao ndio watu ambao maoni yao niliyanunua kwa pikapu.

Mchana nikampigia Lusajo. Nilidhani hatapokea. Akapokea. "Shikamoo, mzee." Nikamweleza yote bila kupumzika, nyuma yake nasikia nyundo. Nilipomaliza akaniuliza, "Tusa anajua?" Nikasema kesho atajua. Akanieleza habari ya betri, kwa kifupi, kama anayemweleza mteja. Kisha akasema, "Basi, mzee, nina gari juu ya jeki." Akakata. Hakusema amenisamehe, usije ukaenda huko ukidhani tulishamalizana. Na wewe una lako la kumwambia, ambalo siwezi kukusaidia kulibeba, ingawa mimi ndiye niliyekutwisha.

Sijui nikushauri nini baada ya hayo. Labda hili tu, ukiwa kwenye haraka na mtu akakuambia "tumweke kwangu," mweke kwake. Hata kama wanaangalia. Hasa kama wanaangalia. Mimi nilikuwa na watu kumi walio tayari kunibebea mzigo mmoja katika maisha yangu yote ya kubeba, nami ndiyo siku niliyochagua kusema hapana.

Barua hii nilifikiri niifiche chini ya sanduku, ndani ya blanketi, uikute Uyole. Ungeniaga vizuri. Ungenishika shingo kama unavyofanya, ungesema, "Baba, usibebe magunia peke yako," kosta ingeondoka, na mimi ningebaki stendi nikiwa bado baba yako yule. Niliitaka sana asubuhi hiyo. Nimeitaka wiki nzima. Lakini kukuaga namna hiyo kungekuwa kukuibia tena, na nimekwisha kukuibia vya kutosha.

Kwa hiyo nitaiweka juu ya mchele, ndani ya mdomo wa chungu, ambapo lazima uione kabla hujakifunga kitambaa. Mama yako amekijaza mpaka juu, na hataki kitu badala yake. Ikombe chungu hakitolewi hivyo, na chungu na kilichomo kwa pamoja, bure. Wewe utaelewa anamlipa nani, na kwa niaba ya nani.

Kesho nitakuwa uani mapema, nimewasha moto wa chai. Ukitoka ukapita bila kunitazama, nitajua umeisoma, na sitakuita. Mimi waweza kuniacha bila kuniaga, Tusa. Chungu usikiache.

Baba yako